Kongamano la utafiti la madaktari walio ughaibuni: data ni ya nani, na nani aieleze?

SWALI: Mimi ni daktari Mtanzania, nafanya kazi katika hospitali ya NHS, huduma ya afya ya umma hapa Uingereza. Ni katibu wa chama kidogo cha madaktari wa Afrika Mashariki walio Uingereza, Ireland, nchi za Ghuba na Marekani. Mwakani tunataka kufanya kongamano la utafiti wa kitabibu la siku moja kwa njia ya mtandao. Mada za awali zimeanza kuingia, na karibu nusu zinatumia data za wagonjwa wa hospitali za nyumbani. Wenzangu kwenye kamati wanabishana kuhusu Zoom na Teams. Mimi wasiwasi wangu ni mwingine: hizi data tunaruhusiwa kuzieleza? Na kama tunaruhusiwa, tuanzie wapi?

JIBU: Daktari, waache wenzako na Zoom yao kwanza. Programu ya mkutano mnaweza kuichagua wiki chache kabla ya siku yenyewe na asiumie mtu. Ulichouliza wewe ndicho kitakachoamua kama hilo litakuwa kongamano la kitaaluma au kikao cha kupongezana kwa slaidi.

Jibu la moja kwa moja ni ndiyo, mnaruhusiwa. Daktari aliye Birmingham hazuiwi na yeyote kueleza utafiti uliofanyika Mwanza. Tatizo linakuja pale utafiti wenyewe unapokuwa hauna kibali, au kibali chake kilitolewa kwa mtu mwingine kwa kazi nyingine, au mgonjwa amefichwa nusunusu kiasi kwamba msikilizaji aliyekulia wilaya ileile anamtambua. Nimesoma ikisiri (muhtasari wa utafiti) nyingi za makongamano ya namna hii nikiwa upande wa wahakiki, na kasoro hizo ndizo ninazokutana nazo kila mara. Wanaozileta si watu wabaya. Wanafuata mazoea waliyojifunzia huko walikoajiriwa.

Chukua odit. Uingereza, daktari kijana anafundishwa mapema kutofautisha odit na utafiti. Odit unaisajili kwenye kitengo husika cha hospitali, unalinganisha huduma na kiwango kilichowekwa, unatoa majibu, na kwa kawaida haipiti kwenye kamati ya maadili. Huko ni sawa kabisa. Sasa daktari huyohuyo anakwenda likizo nyumbani Desemba. Rafiki yake waliyesoma naye ni mkuu wa wodi ya wazazi. Anakaa naye masjala siku mbili tatu, wanafungua mafaili ya akina mama waliopata kifafa cha mimba, anaingiza kwenye Excel umri, wiki za ujauzito, presha, dawa waliyopewa, nani alipona na nani alifariki. Anarudi Uingereza na faili hilo kwenye kompyuta yake mpakato, anachora grafu mbili nzuri, na Februari analeta ikisiri yenye kichwa cha odit.

Hiyo si odit tena. Haikusajiliwa popote, haikuombwa na hospitali, matokeo yake hayarudi wodini kubadili chochote, na lengo lake tangu mwanzo lilikuwa kuwaeleza watu wa nje. Kwa kamati yoyote ya maadili ya Tanzania au Kenya huo ni utafiti uliotumia kumbukumbu za wagonjwa. Ulihitaji kupita kwenye kamati, na ruhusa ya kutumia mafaili bila kumuuliza kila mgonjwa hutolewa na kamati. Mtafiti hajipi mwenyewe, na rafiki yake mkuu wa wodi hawezi kumpa pia, hata kama funguo za masjala ziko mfukoni mwake.

Kwa Tanzania Bara mlango wa taifa ni NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1979. Vyuo vikuu vya tiba kama MUHAS navyo vina kamati zao. Zanzibar ina taasisi yake ya utafiti wa afya, ZAHRI, kwa hiyo kibali cha Bara usikipeleke hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ukadhani kimetosha. Kenya unahitaji kamati ya maadili iliyoidhinishwa pamoja na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Uganda kuna kamati za taasisi na juu yake Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia.

Wengi wakishapata cheti cha NIMR hukisoma namba na tarehe tu, wakakiweka kabatini. Mwanachama wako akikuletea, mwombe mkisome pamoja mpaka chini. Pale chini kuna masharti: taarifa ya maendeleo ipelekwe kila baada ya miezi sita, ruhusa ya NIMR ipatikane kabla ya kuchapisha matokeo, nakala za machapisho zirudi NIMR na wizarani. Kuyakiuka ni kosa, na adhabu imetajwa palepale kwa kifungu cha sheria. Wenzetu wengi wa ughaibuni hushtuka wakifika kwenye ruhusa ya kuchapisha, maana huko waliko mtafiti akishamaliza anapeleka kazi yake jaridani bila kumuuliza mtu. Kama ikisiri zenu zitawekwa mtandaoni zisomwe na kila mtu, kwa upande wa NIMR hilo lihesabuni kuwa chapisho. Mwenye cheti aandike barua kuomba ruhusa mapema, na ninyi wekeni tarehe ya mwisho ya kupokea ikisiri kwa kuzingatia kwamba barua hizo hazijibiwi kesho yake.

Kwenye fomu yenu ombeni vitu vitatu: jina la kamati iliyotoa kibali, namba yake na tarehe yake. Halafu mhakiki alinganishe tarehe hiyo na kipindi ambacho data zilikusanywa. Ukiona data zimekusanywa Machi na kibali kimetoka Septemba, usikubali maelezo ya mdomo. Kamati za maadili haziidhinishi utafiti uliokwisha kufanyika. Najua mtu huyo ni mwanachama wenu, analipa ada, na pengine ndiye aliyejitolea kutengeneza tovuti. Hata hivyo ikisiri yake isipite kama matokeo. Ila msimfukuze. Tengenezeni kikao cha mipango ya utafiti, ambapo mtu anaeleza swali lake, namna atakavyolijibu na nani nyumbani atashirikiana naye, bila kuonyesha data hata moja. Nimeona vikao vya aina hiyo vikipata maswali mazuri kuliko vile vya matokeo, kwa sababu kazi bado inarekebishika. Daktari wa takwimu aliye Boston anaweza kumwambia mwenzake wa Dodoma kwamba idadi aliyopanga ni ndogo mno, na ushauri huo ukasaidia kitu.

Kuna chanzo kingine cha data ambacho lazima nikitaje, maana kinaleta ugomvi: tasnifu za wanaosomea ubingwa. Kila rezidenti wa MMed pale Muhimbili, KCMC au Bugando anafanya utafiti wenye kibali halali, anauandika, anautetea, kisha tasnifu inakaa maktaba. Nyingi hazifiki jaridani. Daktari wa ughaibuni aliyekuwa msimamizi msaidizi, au aliyeombwa tu kusaidia takwimu, anaiona ile data imekaa bure na anaileta kongamanoni kwa jina lake, rezidenti akiwekwa wa tatu au akishukuriwa kwenye slaidi ya mwisho. Hapa kibali kipo, lakini kilitolewa kwa rezidenti, kwa swali lake. Kama swali jipya ni tofauti na lile la kwenye tasnifu, kamati iliyotoa kibali iulizwe. Kama swali ni lilelile, basi mwenye kazi ndiye aieleze, na hapo kongamano la mtandaoni linawaondolea kisingizio. Zamani mngesema hana viza wala nauli ya kufika London. Sasa anahitaji simu na bando.

Watu wengi hutaja masharti manne ya uandishi yaliyowekwa na kamati ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE: mtu awe amechangia kwa uzito wazo, mpango, ukusanyaji au uchambuzi; awe ameshiriki kuandika au kuhakiki maandishi; awe ameidhinisha nakala ya mwisho; na awe tayari kuwajibika kwa kazi nzima. Wanayataja ili kumtoa muuguzi au daktari tarajali aliyejaza fomu mia mbili usiku: "alikusanya tu, hakuandika". Wanaacha kusoma sentensi zinazofuata. Kamati hiyohiyo inasema masharti yasitumike kumwondoa mtu anayestahili kwa kumnyima nafasi ya kutimiza la pili na la tatu. Maana yake, kama kijana wa watu alikusanya data kwa kazi ya kweli na hukumtumia rasimu aisome, kosa la kutokuandika ni lako. Mtumie. Mpe wiki mbili. Akisoma na kurekebisha, jina lake linaingia kwa haki.

Tunao mfano wetu wa nyumbani, ingawa si wa tiba. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi alipogundua kwamba mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingia kwenye jokofu ukiwa moto uliganda kabla ya ule uliopoa. Walimu na wanafunzi wenzake walimcheka. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilohilo mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, Denis Osborne. Osborne alirudi chuoni akalijaribu. Makala yao ilitoka mwaka 1969 ikiwa na majina mawili, na la kwanza ni la Mpemba. Osborne alikuwa na maabara, cheo na lugha ya majarida. Asingeshindwa kuweka jina lake peke yake na mwanafunzi akabaki kwenye shukrani. Leo dunia inaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba. Nikiwa mwenyekiti wa kikao na nikaona ikisiri ya data za Sumbawanga yenye waandishi watano wote wa Manchester, huwa nauliza hadharani: aliyefungua mafaili ni nani? Si swali la kumdhalilisha mtu. Wakati mwingine jibu ni zuri, na kama si zuri, bora lisikike kwenye kongamano la ndugu kuliko kwa mhariri.

Kwa hiyo wekeni kanuni, na muitangaze kwenye mwaliko wenyewe: ikisiri yoyote yenye data za wagonjwa wa nyumbani iwe na mwandishi mmoja au zaidi anayefanya kazi kwenye kituo hicho, na yeye ndiye apewe nafasi ya kwanza ya kuwasilisha. Chama kitalalamika kwamba ni kongamano la wanachama. Sawa, wanachama watakuwa waandishi wenza, wenyeviti wa vikao na wahakiki, na hiyo ni kazi ya kutosha.

Sasa data zenyewe kuvuka mpaka. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kanuni zake zina utaratibu wa kuhamisha taarifa nje ya nchi. Zote mbili zinahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Sheria ya Kenya inataka ridhaa ya mhusika na ulinzi unaoeleweka kabla taarifa nyeti hazijachakatwa nje ya nchi. Na kwa utafiti, NIMR hutaka makubaliano ya maandishi ya kuhamisha data kati ya taasisi na taasisi. Faili la Excel lenye majina na namba za hospitali kutumwa kwa WhatsApp kutoka Morogoro kwenda Leeds halikubaliki kwa kipimo chochote kati ya hivyo, na likishafika Leeds linaangukia pia sheria ya Uingereza.

Lakini kwa kongamano njia rahisi ipo: data zisisafiri. Uchambuzi ufanyike kituoni, kwenye kompyuta ya kituo, na kinachovuka ni majedwali na grafu. Daktari wa takwimu aliye nje anaweza kuandika amri za uchambuzi kwa programu za takwimu kama R au Stata akazituma, mwenzake wa kituoni akaziendesha na kumrudishia majibu. Inachosha kidogo, mnatumiana mara nyingi, lakini kijana wa kituoni anajifunza takwimu, na hakuna jina la mgonjwa lililotoka nje ya geti.

Hapa niende polepole kidogo, maana madaktari wengi waangalifu huumbuka kwenye slaidi. Mtu anapiga picha ya eksirei ukutani, jina la mgonjwa liko pembeni, analikata kwa kile kifaa cha kukata picha ndani ya PowerPoint. Kwenye skrini halionekani. Lakini kukata huko kunaficha tu. Picha nzima bado imo ndani ya faili, na yeyote atakayetumiwa slaidi anaweza kubofya, akavuta ukingo, na jina likarudi. Kuna amri ya kubana picha na kufuta sehemu zilizokatwa, na lazima itumike. Bora zaidi ni kukata picha nje ya PowerPoint kabla ya kuiingiza. Grafu nazo: ukiibandika kutoka Excel kwa namna ya kuipachika, jedwali lote la chini yake linaweza kuingia pamoja nayo, na mtu akibofya mara mbili akaona safu nzima ya wagonjwa wako. Bandika grafu kama picha. Picha za CT na MRI za mfumo wa DICOM hubeba jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya mgonjwa ndani ya faili lenyewe, mbali na maandishi yaliyochomwa juu ya picha. Kufuta moja hakufuti jingine. Na ule mstari mweusi juu ya macho uachwe kabisa. Wahariri wa majarida walishasema hautoshi kumficha mtu, na mama wa mtoto mwenye mdomo sungura atamjua mwanawe hata ukimfunika uso nusu.

Kuna kumficha mgonjwa kwa maelezo pia. "Mwanamke wa miaka 34, mvuvi wa pweza kutoka Jibondo, aliyejifungua pacha walioungana" hana jina, lakini Kilwa na Mafia nzima wanamjua. Kwa ripoti ya mgonjwa mmoja taja muongo wa umri, mkoa au hata kanda tu, na futa kazi yake kama haihusiani na ugonjwa. Zaidi ya hapo, ridhaa ya maandishi ya kuelezwa hadharani ni tofauti na ile aliyosaini kabla ya upasuaji. Mwongozo wa CARE wa mwaka 2013 wa kuandika ripoti za wagonjwa unauliza juu yake waziwazi. Fomu iwe ya Kiswahili, isemwe kwamba picha itaonekana mtandaoni na watu wa nchi nyingine. Kama amefariki, ndugu waulizwe. Kama hapatikani, tafuta mgonjwa mwingine wa kueleza.

Mada hizo zote zikishapita, uhakiki ni kazi ya kawaida. Kila ikisiri isomwe na watu wawili wasiojua majina ya waandishi, na wasitoke hospitali moja nao. Kigezo cha kwanza kiwe swali na njia, ukubwa wa hospitali usihesabike. Utafiti safi wa zahanati moja ya Kibondo unanifundisha kuliko uchambuzi mkubwa uliovurugwa. Namba ya kibali na orodha ya waandishi vikaguliwe na mtu wa tatu, katibu kama wewe, ili wahakiki wasijue majina.

Ratiba sasa. Siku ni Jumamosi, hakuna nyingine inayofaa. Ijumaa na Jumamosi ndiyo mapumziko ya Oman, Saudi Arabia na nchi nyingine nyingi za Ghuba, Falme za Kiarabu zimehamia Jumamosi na Jumapili tangu Januari 2022, na wengine wote wanapumzika Jumamosi na Jumapili. Jumamosi ndiyo inayowakutanisha wote, isipokuwa wenzetu Wasabato, ambao ni wengi kati ya madaktari wa Kisii na kwingineko. Kwa ajili yao rekodi ya mada iwepo, na mada zao zipangwe mwishoni, baada ya jua kuzama kwao. Msiweke ndani ya Ramadhani. Na msiweke Machi katikati, maana kati ya Jumapili ya pili na ya mwisho ya mwezi huo Marekani imeshasogeza saa na Uingereza bado, watu wanakosa kikao kwa saa nzima wakilaumu intaneti.

Mkianza saa tisa alasiri ya Dar es Salaam na Nairobi mwezi Juni, London na Dublin ni saa saba mchana, Riyadh ni saa tisa hiyohiyo, Muscat saa kumi, Boston saa mbili asubuhi na Houston saa moja. Lubumbashi ni saa nane. Daktari wa Melbourne anaingia saa nne usiku na atavumilia vikao viwili tu, basi mada yake itangulie. Muda wote usizidi saa nne. Baada ya hapo kamera zinazimwa na wenye kamera zilizozimwa wako jikoni. Kwenye ratiba andikeni kwa mfumo wa saa ishirini na nne pamoja na jina la mji, 15:00 Dar es Salaam, kwa sababu "saa 9" kwenye ratiba ya watu wanaoishi baina ya saa za Kiswahili na za Kizungu itawagawa nusu kwa nusu.

Mada zirekodiwe mapema, dakika nane kila moja, zitumwe wiki moja kabla. Umeme ukikatika Shinyanga, video inaendelea kuchezwa na msimamizi aliye kwingine, na mwasilishaji anaingia kwa simu kujibu maswali. Majibu ndiyo yawe moja kwa moja, na yapewe muda sawa na mada, si dakika mbili za mwisho. Saa moja ya video inaweza kula gigabaiti nzima na zaidi, kwa hiyo chama kitenge fedha ya bando kwa wawasilishaji walio nyumbani, itumwe kwa M-Pesa au mtandao wowote wanaotumia, siku mbili kabla. Kati ya matumizi yenu yote, hilo nisingelipunguza. Nembo nzuri na mapambo ya skrini vinaweza kusubiri mwaka mwingine.

Lugha iachwe huru wakati wa maswali. Slaidi ziwe za Kiingereza kama mnataka wahakiki wa nje, lakini muuguzi wa Nzega akitaka kueleza kwa Kiswahili kwa nini dripu ya magnesiamu ilichelewa, mwenyekiti asimkatize. Mambo ya wodini yanaelezeka vizuri zaidi kwa lugha inayozungumzwa wodini.

Kuhusu pointi za mafunzo endelevu, ombeni idhini kabla ya kongamano, si baada, na ombeni pande zote mbili. Vyuo vya kifalme vya madaktari vya Uingereza kwa kawaida huhesabu pointi moja kwa saa moja, kwa hiyo siku yenu ni pointi nne, msiahidi kumi. Baraza la madaktari la Kenya, KMPDC, na Baraza la Madaktari Tanganyika, kila moja lina utaratibu wake, na daktari wa nyumbani anazihitaji pointi hizo kuhuisha leseni kama unavyozihitaji wewe kwa tathmini yako ya mwaka. Kongamano linalompa pointi aliye Leeds na kumnyima aliyewasilisha kutoka Lindi litaeleweka vibaya, na ni haki lieleweke hivyo.

Wengi watakuuliza kama wakieleza kazi kwenu majarida yataikataa baadaye. Hapana. Ikisiri au bango la kongamano halihesabiwi kuwa chapisho la awali na majarida yanayofuata ICMJE. Kinacholeta shida ni kuweka makala nzima kwenye kitabu cha kongamano. Kwa hiyo chapisheni ikisiri pekee, maneno yasiyozidi 300. Kitabu hicho mkiweke Zenodo, hazina ya mtandaoni inayoendeshwa na CERN, taasisi ya Ulaya ya utafiti wa fizikia, mtapata namba ya DOI (namba ya kudumu ya kulitambulisha chapisho) bila malipo na kazi za vijana zitapatikana kwa kutafutwa. Mkishafanya hivyo hamtahitaji zile barua pepe za makampuni yanayojitolea "kuchapisha matoleo ya kongamano lenu" kwa dola mia kadhaa kwa ikisiri.

Rekodi ya kikao iwe na mwisho wake. Semeni tangu mwanzo itakaa miezi mingapi na nani ataiona, na maswali ya wasikilizaji yasirekodiwe bila wao kuambiwa. Mwasilishaji akitaka mada yake iondolewe, iondolewe siku hiyohiyo. Picha za skrini huwezi kuzizuia, ndiyo maana kazi ya kumficha mgonjwa inafanyika kabla.

Wiki hii, kabla hamjakaa tena kubishana, rudisha zile mada ambazo tayari zimeingia. Waandikie wote barua moja, wenye data za nyumbani na wenye data za NHS bila kubagua, maana odit ya Leeds nayo ina namba yake ya usajili na inafaa kuonyeshwa. Maneno yawe haya au yanayofanana nayo:

"Ndugu mwandishi, tumepokea ikisiri yako na tunashukuru. Kabla haijaenda kwa wahakiki, tafadhali tujazie: (1) kamati iliyotoa kibali, namba na tarehe yake, au namba ya usajili wa odit, (2) tarehe data zilipoanza na kumalizika kukusanywa, (3) data ziko wapi sasa na nani anazitunza, (4) nani alikusanya, na kama jina lake halimo kati ya waandishi, kwa sababu gani, (5) kama kuna picha au maelezo ya mgonjwa mmoja, ridhaa ya maandishi ipo? Usitutumie nakala ya ridhaa yenyewe. Andika tu kama ipo na inatunzwa wapi. Kama kibali hakipo, tuna kikao cha mipango ya utafiti na tutafurahi kukupa nafasi huko."

Tuma kwa wote siku moja, weka wiki tatu za kujibu. Wapo watakaonyamaza, na watakaonyamaza usiwabembeleze.